Mbwa wa Alaska na Maksai wa Ufipa

Mtoto wa Darasa la Nne pale Laela au Matai hajawahi kuona theluji, na huenda asiione maishani. Hata hivyo yafaa afundishwe habari za mashindano ya mbwa wanaovuta magari yasiyo na magurudumu juu ya theluji kule Alaska, tena afundishwe kwa vitendo, uwanjani, kamba mkononi. Wapo watakaoguna: mbwa wa Wazungu wanahusu nini Ufipa? Kwanza si wa Wazungu. Wenyeji wa Alaska waliwafunga kamba mbwa wao kabla mgeni yeyote hajafika. Pili, jibu liko barabarani, mahindi yanapotolewa shambani.

Wakati huo mikokoteni ya ng'ombe haikatiki kwenye njia za vumbi za Sumbawanga. Maksai wawili wamefungwa nira, mtu mzima ameketi juu ya magunia, na mara nyingi mtoto ametangulia mbele akiwaongoza. Mtoto huyo anajua maksai yupi hukaa kulia na yupi kushoto, na kwamba ukiwabadilisha watagoma. Anajua kuwa dume changa linalofundishwa kazi hufungwa pamoja na mkongwe, na kwamba nira ikikaa vibaya shingo inachubuka, kesho hakuna kazi. Halafu Jumatatu anafunguliwa kitabu asome juu ya kani na mwendokasi, wala hakuna anayemuuliza lolote kuhusu ng'ombe. Mwalimu Nyerere alililalamikia jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Mtaala ulioanza kutumika 2024 nao unahimiza umahiri. Mahimizo tunayo tele.

Basi kwa nini asifundishwe kwa ng'ombe peke yao? Kwa sababu mtoto haulizi sana juu ya kitu anachokiona kila siku. Mweleze kundi la mbwa, kila mmoja ana kilo 25 hivi, wanaokimbia karibu kilomita 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome, na ataanza: nani yuko mbele? Wanakula nini? Wakiumia je? Mashindano hayo, Iditarod, yalianza 1973, na mshindi wa kwanza alitumia siku 20 hivi. Mwaka 2016 mshindi, Dallas Seavey, alitumia siku 8 na saa 11. Hapo pana hesabu ya wiki nzima.

Lakini utamu wenyewe uko nyuma zaidi, mwaka 1925. Januari ile dondakoo lilizuka Nome, na Daktari Curtis Welch hakuwa na dawa ya kutegemewa. Bahari ilikuwa imeganda, ndege za wakati ule hazikuaminika. Dawa ikafikishwa kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 wakaipokezana kilomita 1,085, pungufu kidogo tu ya safari ya basi kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam. Walitumia siku tano na nusu. Kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote kilikuwa cha Leonhard Seppala na mbwa wake wa mbele, Togo. Cha mwisho kilikuwa cha Gunnar Kaasen na Balto. Balto ndiye aliyeingia mjini na dawa, na kabla mwaka haujaisha akajengewa sanamu New York. Darasa likiulizwa kama hiyo ilikuwa haki, hakuna atakayesinzia.

Kuiigiza safari hiyo, mwalimu na achukue chupa ya maji ya moto, aifunge kwa sweta kuukuu, awapange wanafunzi vikundi vitano kuzunguka uwanja waipokezane. Kila kikundi kina kamba ndefu: sita wanaishika wawili wawili, wa saba anaongoza kwa sauti tu. Chupa ikidondoka, wanaanza upya. Maji yakifika yamepoa, mgonjwa hakupona. Asubuhi ya Julai, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, baridi ya Sumbawanga inalisaidia somo. Jioni watoto waulizie kadi zao za kliniki, kwani chanjo ya dondakoo imo katika sindano ya pentavalenti waliyochomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Isifichwe pia kwamba mbwa wamewahi kufa njiani, na watetezi wa wanyama huyapinga mashindano hayo. Tanzania yenyewe ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mtoto anayebishana kama mapumziko ya lazima ya saa 24 yanamtosha mbwa atafika haraka kwa punda anayetandikwa mlimani akiwa na kidonda.

Hofu nzito zaidi ni kwamba shule ikiusifu ujuzi wa kuswaga ng'ombe, mzazi ataona amepewa ruhusa ya kumzuia mtoto nyumbani msimu wa kulima. Hapo mwalimu asilegee hata kidogo. Ng'ombe ndio waje shuleni.

Na waje kweli. Shule zikifunguliwa Julai, aalikwe mzee mmoja mwenye maksai watulivu, aegeshe mkokoteni uwanjani. Watoto wapime nira kwa rula, wahesabu magunia, wapime mwendo wa mita mia kwa saa ya mwalimu, waulinganishe na wa mbwa wa Seavey. Kisha wamuulize mzee alijuaje kwamba dume hili litafaa kazi na lile halifai, na majibu yake wayaandike kwenye daftari la sayansi.