Mpira na Wenye Mpira

Baada ya darsa huwasikia vijana wetu wakiinung'unikia jamaa ya Glazer, wenye timu ya Manchester United huko Uingereza. Tulidhani ni uchungu wa kufungwa tu. Tulipochunguza, twaona wana hoja.

Mwaka 2005 Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani, aliinunua timu ile kwa kadiri ya pauni milioni 790. Sehemu kubwa ilikuwa fedha za kukopa, na deni pamoja na riba yake likabebeshwa timu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Ni kama mtu anunuaye punda kwa mkopo, kisha punda ndiye alipe! Alipofariki mwaka 2014, wanawe walikwisha shika hatamu.

Aprili 2021 wakaitia timu katika ligi mpya ya matajiri pasipo kuwauliza mashabiki. Wakajitoa kwa siku mbili, lakini hasira haikutulia: tarehe 2 Mei watu waliuvamia uwanja wa Old Trafford, mchezo na Liverpool ukaahirishwa. Hilo hatuliungi mkono. Polisi waliojeruhiwa walikuwa na kosa gani?

Twawastahi zaidi wale waliojitenga mwaka 2005, wakaunda FC United of Manchester, ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au mchukuzi.

Mwanafunzi mmoja alituuliza: "Maalim, kwani mnunuzi hana haki juu ya mali yake?" Anayo. Lakini mapenzi ya watu hayakuandikwa katika hati ya mauzo.

Februari 2024 Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa, akakabidhiwa mambo ya mchezo; nyingi zikabaki kwa jamaa ile. Vijana wetu nao wangali wakivaa fulana nyekundu.