"Itaingia Tu" Si Sababu ya Kununua Betri

BARABARA ZETU
Na Rukia Bakari

Ukifika duka la vipuri hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari au Changamwe, ukasema betri ya gari imekufa, aghalabu utaulizwa kwanza una shilingi ngapi. Gari gani, hilo huja baadaye. Kisha muuzaji atateremsha betri moja kutoka kwenye rafu, aiweke kando ya ile kuukuu, azitazame urefu, na kusema: "Hii itaingia tu." Nimewaona wengi walioondoka na betri ya namna hiyo wakirudi kabla ya mwaka kwisha, huku wakilaumu gari, fundi na barabara. Kosa lilifanyika pale pale kaunta.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na betri za vipimo vya Kijapani hujieleza zenyewe. Chukua 46B24L, ambayo madukani bado huitwa NS60L. Tarakimu 46 ni daraja la nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu wake kwa sentimita, takriban, na L huonyesha upande kilipo kichwa cha chanya. Ikiongezwa S mwishoni, vichwa ni vinene. Herufi hizo za mwisho ndizo zinazopuuzwa, na ndizo zenye balaa. Ukipewa R badala ya L, waya hazifiki, na fundi huanza kuzivuta au kuigeuza betri. Akichanganya chanya na hasi, fyuzi kuu huungua, na altaneta huweza kwenda nayo. Ukipewa vichwa vyembamba kwa klempu pana, atajazia kipande cha bati. Klempu hiyo hulegea, nawe utadhani betri haina nguvu kumbe umeme haupiti vizuri.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni joto. Wauzaji hupenda kusifia uwezo wa betri kuwasha injini kwenye baridi, ule unaoandikwa CCA. Kipimo hicho hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hakuna mji wa Kenya unaofikia baridi hiyo, sembuse Mombasa. Injini bado inahitaji nguvu ya kuiwasha, lakini hakuna haja ya kulipa maelfu ya ziada kwa sababu ya tarakimu hiyo peke yake. Kinachoua betri zetu ni foleni ya feri Likoni saa nane mchana, injini ikinguruma na upepo haupiti chini ya boneti. Joto huharakisha kuliwa kwa vibao vya risasi vilivyo ndani, na hukausha maji. Kwa hesabu ya wataalamu, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Ndiyo maana baadhi ya magari huja na koti au kasha la kuikinga betri na joto la injini. Mafundi wetu hulivua, wakalitupa kwa kuona ni takataka. Tafadhali, mwambie fundi wako alirudishe.

Joto hilo hilo huila betri hata ikiwa bado dukani. Betri iliyokaa muda mrefu rafuni bila kuchajiwa huishiwa umeme polepole, na vibao vyake hushika salfeti ngumu isiyotoka tena. Kwa hiyo uliza tarehe ya kutengenezwa, kisha omba ipimwe volti mbele yako. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12.4, iache. Muuzaji akikasirika, mkumbushe kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika nazo. Tarehe iliyofichwa kwa alama asizoweza kuzisoma mteja si habari. Shirika la viwango, KEBS, lingetutendea haki kama lingehakikisha kila betri inauzwa ikiwa na mwezi na mwaka unaosomeka na mtu yeyote.

Kabla hata ya kununua, hakikisha betri ndiyo mgonjwa. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kwenye vichwa vyake aghalabu huwa kati ya volti 13.8 na 14.7. Kikibaki 12 na ushei, tatizo liko kwenye altaneta, mkanda au waya, na betri mpya nayo itakufa.

Sheria ya kutoingiza magari yenye umri unaozidi miaka minane imetuletea magari ambayo injini hujizima yenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka tena. Betri za magari hayo huandikwa alama kama Q-85 au M-42, na zimeundwa kustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi kwa siku. Bei yake huuma, najua. Lakini ya kawaida ukiiweka humo haidumu, na utalipa mara mbili.

Wenye Aqua na Prius nawasihi zaidi. Katika mengi ya magari hayo, betri ndogo ya volti 12 iko nyuma, ndani ya gari wanamokaa watoto. Iliyokusudiwa, mfano S34B20R ya Aqua, imezibwa na ina mrija wa kutoa gesi nje. Kuweka ya maji ya kawaida mahali hapo ni kuiruhusu gesi ya haidrojeni, inayolipuka, ikusanyike ndani ya gari. Fundi anayekwambia haina neno, mwache utafute mwingine.

Na ile kuukuu? Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Hapa hapa kwetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilitia sumu ya risasi kwenye udongo, maji na damu za watu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mwanawe amedhurika, akapigana hadi kikafungwa, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Ushindi huo uliyumba kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Msomaji, usimuuzie betri yako kuukuu mwenye mkokoteni anayekwenda kuipasua nyuma ya nyumba za watu na kumwaga tindikali mtaroni. Irudishe kwa muuzaji anayezipokea na kuzipeleka kwenye kiwanda chenye leseni. Wengi wao hukupunguzia bei ya mpya.