Sheria Mbili za Mwaka 2004

Mwaka 2004 Bunge letu lilitunga sheria mbili ambazo sijasikia zikitajwa pamoja. Sheria Na. 9 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Sheria Na. 20 ni ya Usimamizi wa Mazingira, na ndani yake mna agizo kwamba kila jiji, manispaa, mji na wilaya iwe na afisa wa mazingira: mtu wa kusimamia sheria hiyo katika eneo lake, kukusanya takwimu na kuandika taarifa ya hali ya mazingira. Sheria ya kwanza inatekelezwa hadi shilingi ya mwisho, inamfuata kijana mpaka kwenye karatasi yake ya mshahara. Ya pili inatekelezwa kwa kofia. Halmashauri nyingi humchukua mtumishi wa idara nyingine ambaye tayari kazi yake imemshinda kwa wingi, zikamvika kofia ya mazingira, kisha barua ikapelekwa mkoani kwamba nafasi imejazwa.

Katikati ya sheria hizo mbili amebanwa kijana aliyesomea ikolojia.

Namzungumzia mhitimu wa chuo kikuu, wa SUA pale Morogoro, wa Mlimani, wa Dodoma, aliyesoma sayansi ya mazingira au usimamizi wa wanyamapori. Anajua kupima mtiririko wa mto, kuhesabu wanyama, kusoma udongo na kusema ni lini malisho yatakwisha. Na ana deni. Tuchukue mfano wa deni la shilingi milioni 12, na tumpe bahati kubwa kabisa: ameajiriwa, mshahara wa msingi 700,000. Bodi inakata asilimia 15, yaani 105,000. Mfuko wa pensheni 35,000. Bima ya afya 21,000. Kodi karibu 49,000. Anabaki na 490,000 za kulipia chumba, nauli, chakula na mdogo wake aliyeko sekondari. Kwa mwendo huo atalimaliza deni baada ya miaka tisa na nusu, iwapo hataumwa, hataachishwa, na mwajiri hatachelewesha makato. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia alifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ile iliyokuwa ikilinenepesha deni mwaka hadi mwaka. Nilishangilia siku ile na hata leo nashangilia. Lakini huyu wa 490,000 ndiye mwenye bahati! Wenzake wako wapi?

Wenzake "wanajitolea".

Hapa ndipo hasira yangu inapochemka, na sitaipunguza. Kijana mwenye shahada anaingia ofisi ya umma saa moja na nusu asubuhi. Anajaza fomu, anakwenda kukagua machimbo ya mchanga kwa bodaboda ya fedha yake mwenyewe, anaandika taarifa ambayo mkubwa wake ataitia sahihi. Mwisho wa mwezi anapewa nauli, tena siku nyingine hapewi. Anaambiwa anapata uzoefu. Mwaka unakwisha, wa pili unaanza. Nafasi ikitangazwa anaingia kwenye usaili akiwa mmoja wa maelfu, na miaka yake ya kujitolea haimwongezei alama hata moja. Miaka miwili baada ya kuhitimu, deni linaanza kudaiwa. Akijishikiza kwenye kibanda cha kuuza miche ya miti ili asilale njaa, sheria inamhesabu kuwa amejiajiri na kumtaka apeleke asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili Serikali imekula jasho lake bure, halafu Serikali hiyo hiyo inamwandikia ujumbe kumkumbusha kwamba anadaiwa.

Wengine wanapata kibarua cha kuwa wasaidizi wa watafiti wanaotoka nje. Wanalipwa kwa siku. Ndio wanaojua njia, ndio wanaojua jina la kila mti kwa Kiswahili, kwa Kimasai na kwa Kilatini, na utafiti ukichapishwa wanashukuriwa kwenye mstari wa mwisho. Wengine wanaingia kwenye miradi ya wafadhili ya mkataba wa mwaka mmoja. Mfadhili akibadili mawazo kule kwao, kijana anarudi kwa mama yake.

Nasikia jibu la wakubwa kabla sijamaliza: jiajirini. Wengi wanaolitamka neno hili walisoma kabla ya uchangiaji wa gharama za elimu kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walisomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba na kahawa, wakalishwa bwenini, wakahitimu, wakapangiwa kazi. Siwaonei wivu. Nchi ilifanya vema kuwasomesha. Ninachokikataa ni mtu aliyepangiwa kazi na Serikali kumwambia kijana mwenye deni kwamba kutegemea kazi ya Serikali ni uvivu. Daktari wa meno akijiajiri, mgonjwa atamlipa. Mwanaikolojia anayelinda chanzo cha maji amtumie nani bili? Kila anayefungua bomba ni mteja wake, na hakuna hata mmoja anayejua jina lake. Kazi ya namna hiyo hulipwa na umma, au hailipwi kabisa na maji yanakauka.

Na maji yamekwisha kutukaukia. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, mto ambao wazee wa pale hawakuwahi kuuona ukisimama. Juu yake ni bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, mashamba ya mpunga, mifereji na mifugo. Chini yake ni mabwawa ya Mtera na Kidatu, megawati 80 na megawati 204. Nani asiyekumbuka mgawo wa umeme wa 2006, maji yalipopungua mabwawani? Viwanda vilisimama, saluni zilifungwa, samaki walioza kwenye majokofu. Tulilipa kwa jenereta na dizeli fedha ambayo ingeweza kumlipa mpima mito kwenye kila kijito cha Usangu kwa miaka mingi.

Sasa tumejenga Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwa zaidi ya shilingi trilioni 6.5. Najivunia bwawa lile. Lakini zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji unaolijaza hutoka Kilombero, na Kilombero ni bonde linalolimwa, linalochungwa na linalokatwa miti kila siku. Zege tumelilipia. Nani tumemlipa ashinde Kilombero mwaka mzima akitazama maji? Kijana anayeijua kazi hiyo yupo. Yuko Morogoro mjini, anauza vocha, na Bodi inamdai.

Msiniambie ikolojia haina soko. Mwaka 2023 watalii zaidi ya milioni 1.8 walikuja nchini, wakaacha zaidi ya dola bilioni 3. Wengi hawakuja kutazama maghorofa yetu. Wale nyumbu wa Serengeti wanaowapiga picha walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walipochanjwa dhidi ya sotoka, nyumbu waliongezeka hadi kupita milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Tunayajua hayo kwa sababu kuna watu waliowahesabu, mwaka baada ya mwaka, na wengine wakakaa chini kutafuta sababu. Kila hoteli ya kitalii kule kaskazini imesimama juu ya kazi ya namna hiyo. Soko lipo na linanona. Fedha ndiyo haimfikii mwenye kujua.

Mzazi anayemwambia bintiye aache ikolojia akasomee uuguzi hakosei hesabu, na simlaumu. Wasiwasi wangu ni kwamba wazazi wote wakipiga hesabu hiyo hiyo, na wana kila sababu ya kuipiga, baada ya miaka 20 tutakuwa na mabwawa, reli na bomba la mafuta mpaka Chongoleani, tusiwe na mtoto wa kwetu wa kutuambia ardhi iliyo chini yake inakwenda wapi. Tutamwajiri mgeni, kwa dola.

Tunaambiwa dawa ya deni ni kulipa. Nakubali, na ndiyo maana nataka deni la zamani zaidi, lile la Serikali la tangu 2004, lilipwe kwanza. Sheria Na. 20 iliruhusu afisa wa mazingira ateuliwe au aajiriwe, na kofia zote zimepita katika neno hilo "ateuliwe". Wabunge walifute. Aajiriwe, awe na shahada ya fani hiyo, awe na pikipiki na vifaa vya kupimia. Kila mwezi ambao mhitimu amefanya kazi ofisi ya umma bila mshahara, Bodi iuandike kama mwezi uliolipwa kwenye deni lake; ameshalipa kwa mikono yake. Na vyuo vinavyojaza vipeperushi kwa orodha ndefu ya taasisi "zinazoajiri wahitimu wetu" vimwoneshe mwombaji, kabla hajatia sahihi ya mkopo, wahitimu wa miaka mitano iliyopita wako wapi na wanalipwa nini. Kijana wa miaka 19 anabebeshwa mamilioni kwa kuamini kipeperushi!

Bodi imewahi kuwatangaza wadaiwa sugu magazetini, kwa majina. Tuna halmashauri 184. Waziri wa TAMISEMI atakapopanda kuomba bajeti yake, aje na orodha yake pia: ni halmashauri ipi ina afisa wa mazingira aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, ni ipi imevalisha mtu kofia, na tangu lini. Aisome yote, jina kwa jina, na magazeti yaichapishe kwenye ukurasa ule ule yalipochapishwa majina ya vijana.