Kwani Leo ni Mwezi Ngapi?

Aliyewahi kufika Laare, kule Igembe katika vilima vya Nyambene, anajua jinsi watu wa mji ule wanavyoiogopa saa. Miraa huchumwa, ikafungwa mafungu mafungu, ikavikwa majani ya mgomba na kupakiwa, kisha gari hutimua mbio, kwani siku mbili zikipita zao hilo halina bei tena. Ama mjadala wa miraa yenyewe, huo nawaachia wenyewe masheikh. Mimi nataka kusema juu ya saa.

Wakati wa kusi, mwezi wa Agosti, nilitembelewa Lamu na marafiki zangu wawili wafanyabiashara wa Laare, nikawaalika twende Mtangawanda, kisiwani Pate, kwa mashua ya tanga. Njia yetu ilikuwa Mkanda, ule ujia mwembamba upitao baina ya Manda na bara, mikoko kulia na mikoko kushoto. Maji yakipwa, Mkanda ni matope, na chombo kilichochelewa hupwelewa humo hata maji yarudi. Jioni ile mgeni wangu mmoja akamwuliza nahodha tutaondoka saa ngapi.

"Kwani kesho ni mwezi ngapi?" nahodha akamjibu.

"Ni Agosti, mzee."

"Huo ni wa kwenu, mwanangu. Nauliza huu wa juu."

Ilikuwa mwezi kumi na tisa. Nahodha hakufungua kitabu wala hakutazama simu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua: pwani yetu hii maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku ipitayo, wakati huo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Basi hesabu siku nne tangu mwezi kumi na tano, utapata saa moja na kitu asubuhi. Ukifika mwezi nane au ishirini na mbili, hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo tuliswali alfajiri tukang'oa nanga, ili tuwe katikati ya Mkanda maji yakiwa juu.

Kusi lilikuwa nyuma yetu, tanga limejaa, na wageni wangu, ambao hawakupata kukanyaga chombo maishani mwao, walishika mbao kwa mikono miwili. Tulipoingia Mkanda mikoko ikaukata upepo, tanga likalegea, baharia akachukua pondo akaanza kusukuma taratibu. Hapo yule mdogo wao, dereva wa gari la miraa, akashindwa kuvumilia. Akauliza kama hakuna mashine ya kuongeza mwendo. Nahodha akamwambia, "Mwanangu, maji hayapigiwi honi." Tukacheka sote, naye akacheka. Baadaye aliniambia kwamba kazi yake na ya nahodha ni moja: kila mmoja ana mlango unaofungwa kwa wakati wake, na asiyeujua wakati huo hula hasara. Sikuwa nimelifikiria hilo, na mimi ndiye mtu wa pwani.

Siilaumu mashine. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anayetoka Pate kwenda hospitali hapaswi kungoja kusi, na mwenye kusema vinginevyo hajapata kumwuguza mtu kisiwani. Lakini mashine nayo hukwama kwenye matope. Ninachosikitikia ni kijana wa kwetu aliyehitimu shule na chuo, ambaye ukimwuliza leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu hukujibu pale tu Ramadhani inapokaribia. Babu yake aliijua tarehe hiyo kila siku ya mwaka kwa sababu ilimlisha.

Na jambo hili si la kujifurahisha tu. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba mradi wa bandari mpya ya Lamu ulikiuka haki za wavuvi wa hapa, na miongoni mwa haki hizo ikataja ya utamaduni. Ikawapa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na meli kubwa zinaingia. Sasa tukija kuulizwa tena utamaduni wetu wa bahari ni upi, nani atasimama kuueleza, ikiwa wanaoweza kuisoma bamvua kwa mwezi ni wazee wenye mvi peke yao?

Walimu wa madrasa wanawafundisha watoto majina ya miezi kumi na miwili, tangu Muharram hadi Dhulhija. Nawaomba waongeze somo moja: siku ya mwezi na maji yake. Watoto wapelekwe gatini siku ya mwezi mosi, na warudishwe siku ya nane, waone kwa macho yao. Tena pale gatini Lamu, wanapopanda abiria wa Faza na Kizingitini, paandikwe kila asubuhi tarehe ya Hijria na saa ya maji kujaa. Panatosha ubao mmoja na kipande cha chaki, na wazee wa kuuandika wamekaa pale pale barazani.