Kambare si mfagiaji wa tangi

Anayedai kambare akaaye chini katika tangi la samaki halishwi, eti hushiba kinyesi cha wenzake, anatoa ushauri wa kuua samaki. Kambare hanenepi kwa kinyesi. Ngogo, kambare wa Ziwa Nyasa, hula mabuu ya wadudu, tena usiku. Basi mpe chakula kinachozama baada ya kuzima taa, na mchanga laini usiochubua sharubu zake.

Na hita ya kupasha maji ya tangi, eti ni anasa? Labda Dar es Salaam! Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai, maji ya tangi la sebuleni hupoa mno. Iringa nako baridi haichezi. Nunua hita kwanza, itegeshe nyuzi 25, ndipo ununue samaki. Kinyesi kitoe mwenyewe, kwa mpira na ndoo, kila wiki.