Shamba Lisilo na Choo Lisimlaumu Mwanamke

Ndugu mkulima, kipindi hiki cha joto kali maneno ni yaleyale huko mashambani: "Wanawake hawajui kujisafisha, ndiyo maana kila mara fangasi, kila mara U.T.I." Mimi napinga. Mama anayepandikiza mpunga kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ameinama juani, nguo imelowa jasho na maji ya jaruba, choo hakuna, maji safi hakuna. Atajisafishia wapi?

Mwenye shamba kanunua mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Choo cha shimo kimemshinda. Matokeo yake mama hanywi maji, anaogopa kubanwa na mkojo mbele za watu. Akibanwa anajikaza hadi jioni. Mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, bakteria wanapata nafasi ya kuzaliana. Jasho na nguo mbichi nazo ndizo fangasi wanazopenda. Akiwa kwenye hedhi anakaa na pedi moja kutwa nzima, wakati inafaa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6.

Hapo ndipo wanapoingia wauzaji wa sabuni za manukato na dawa za kuosha ndani ya uke. Msinunue! Uke unajisafisha wenyewe. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, bakteria wazuri hutunza pH ya 3.8 hadi 4.5, na uchachu huo huzuia vijidudu wabaya. Ninyi mnaijua pH ya udongo: ukiivuruga, mazao yanadhoofu. Na huku ni vivyo hivyo. Osha sehemu ya nje tu, kwa maji safi.

Mama, fanya haya:
- Vaa nguo ya ndani ya pamba, isiyobana, na beba nyingine kavu ya kubadilisha.
- Kunywa maji, wala usibane mkojo.
- Jifute kutoka mbele kwenda nyuma.
- Vitambaa vya hedhi fua kwa sabuni, anika juani vikauke kabisa. Usivifiche chini ya godoro.
- Ukigusa viuatilifu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda chooni, siyo baada tu.
- Ukiona muwasho, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu wakati wa kukojoa, homa au maumivu ya tumbo la chini, nenda kituo cha afya upimwe. Usikimbilie kununua dawa kwa kubahatisha.

Nawe mwenye shamba, hili ni jukumu lako: choo chenye mlango na komeo, kibuyu chirizi na sabuni pembeni yake, maji ya kunywa, na kivuli cha kupumzikia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazungumzia vyoo na maji ya kunywa kwa wafanyakazi. Usiseme ni gharama. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba na vijiti. Na vibarua wako wakilala wagonjwa wakati wa palizi, magugu hayawasubiri wapone.

Maafisa ugani wenzangu, tukikagua shamba tusiishie kwenye nafasi za kupandia. Tuulize pia: choo kiko wapi?