Nahodha Aliyejifungia Chumbani

Mama yangu mdogo ni mjane, anaishi Kamachumu. Kwa miezi miwili amesafiri mara tatu hadi katika ofisi moja ya umma mjini Muleba kufuatilia karatasi moja ya mirathi ya marehemu mumewe. Mara ya kwanza faili halikuonekana. Mara ya pili mtandao ulikuwa chini. Mara ya tatu nilifuatana naye, nikakaa nyuma kwenye benchi kama mtu asiyehusika, nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe: "Mama, njoo wiki ijayo." Naye, kwa upole wa watu wa umri wake, akaitikia, "Waitu, nitarudi," akaanza kufungua pindo la khanga kuangalia kama nauli ya kurudi imetosha.

Hapo nikasimama. Kijana aliyekuwa dirishani aliponiona uso ulimbadilika. "Shikamoo Mwalimu! Kumbe huyu ni mama yetu?" Nilimfundisha miaka kadhaa iliyopita, alikuwa miongoni mwa wanafunzi ambao mwalimu huwakumbuka bila kutazama orodha. Faili likapatikana ndani ya dakika kumi.

Naandika jambo hili kwa aibu. Dakika zile kumi zilikuwa rushwa, na mimi ndiye niliyeitoa, ijapokuwa sikutoa hata senti. Niliilipa kwa uso wangu. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu ambao hawakuwahi kumfundisha afisa yeyote, na ninaamini wengi wao waliambiwa warudi wiki ijayo.

Mchana tulikaa kwenye mgahawa wa jirani, nikamuuliza kulikoni. Hakujitetea kwa uongo. Alinieleza kwamba amekaa katika daraja moja kwa miaka mingi, kwamba aliyempokea kazini kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo leo ndiye mkuu wake, kwamba madai yake ya malimbikizo yamezunguka kutoka meza hadi meza mpaka amechoka kuyaulizia. Kisha akatamka sentensi iliyonisindikiza njia nzima hadi Bukoba: "Mwalimu, mimi nilishajiuzulu moyoni." Na alipoona nimenyamaza, akaongeza kwa tabasamu la mtu anayemshika mwalimu wake kwa maneno yake mwenyewe: "Hata yule nahodha uliyetuonesha kwenye semina, si alijifungia chumbani miezi miwili?"

Ni kweli nilimwonesha. Katika semina za uongozi huwa natumia tamthilia za bunilizi za kisayansi, kwa sababu mjadala wa kiongozi aliye angani haumtishi mwanafunzi wala mkuu wa idara. Tamthilia aliyoitaja ni Star Trek: Voyager, iliyooneshwa Marekani kuanzia mwaka 1995 hadi 2001 kwa misimu saba. Nahodha wake ni mwanamke, Kathryn Janeway, aliyeigizwa na Kate Mulgrew. Chombo chake kinatupwa umbali wa miaka 70,000 ya mwanga kutoka nyumbani, na safari ya kurejea inakadiriwa kuchukua miaka 75. Jambo ambalo watazamaji wengi hulipitia haraka ni hili: mtambo uliowatupa huko ungeweza pia kuwarudisha. Janeway aliulipua yeye mwenyewe, ili usitwaliwe na maadui ambao wangeutumia kuwaangamiza watu dhaifu wa sayari ya jirani. Kwa hiyo masikitiko yake hayakuletwa na bahati mbaya peke yake. Aliyachagua, na akawachagulia wote waliokuwa chomboni.

Katika msimu wa nne barua kutoka nyumbani zinawafikia kwa mara ya kwanza. Mchumba wake, Mark, anamwarifu kwamba alisubiri mpaka matumaini yakamwishia, kisha akaoa mtu mwingine. Nahodha anaisoma barua, na zamu inaendelea. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa tano chombo kinaingia katika anga tupu lisilo na nyota hata moja, na hapo ndipo uzito wote unapomwangukia. Anajifungia chumbani mwake. Haonekani kwenye usukani. Anauhesabu upya uamuzi wake wa mwanzo, anajihukumu.

Hadi hapo mwanafunzi wangu yuko sahihi. Nahodha mwadilifu anaweza kuvunjika moyo, na mtu anayedai kwamba mtumishi mwema havunjiki moyo hajawahi kutumikia. Lakini kijana alisahau, au hakupenda kukumbuka, vitu viwili.

Kwanza, wakati nahodha amejifungia, chombo kinakwenda. Naibu wake, Chakotay, mtu aliyewahi kuwa mwasi na ambaye angekuwa na sababu zake nyingi za kununa, ndiye anayeshika usukani. Zamu zinapangwa, mitambo inakaguliwa, watu wanakula. Nahodha hakukaa kwenye kiti cha usukani huku mikono ameikunja, akiwaambia mabaharia waje wiki ijayo. Alikiachia kiti. Hii ndiyo tofauti kati ya huzuni na kile ninachokiona katika ofisi zetu. Aliyejiuzulu moyoni hakiachii kiti. Anakikalia, mshahara anaupokea, saini ni yake, na hakuna anayeweza kupita hapo bila yeye. Laiti angekuwa amejifungia chumbani kweli, mama yangu mdogo angehudumiwa na mwingine.

Pili, Janeway anapotoka chumbani anataka kulipa deni lake kwa kishindo. Panahitajika mtu wa kubaki nyuma ili kuziba njia inayotumiwa na mchafuzi anayemwaga taka za sumu katika anga lile, naye anajitolea kubaki peke yake ili wenzake waende nyumbani. Maofisa wake wanakataa kuitii amri hiyo, mmoja baada ya mwingine, mbele yake, kwa heshima. Wanamwambia kwa vitendo: hayo ni majuto yako, usiyaite wajibu. Kisha wanatafuta njia nyingine, wote pamoja, na wanaipata.

Naona sehemu hii inawahusu zaidi wakubwa wa utumishi wa umma kuliko kijana wangu wa dirishani. Kwa maana upande wa pili wa kadhia hii ni mahubiri ya uzalendo. Mwalimu aliyepangiwa Goziba, Ikuza au Bumbire, visiwa vya Muleba ambavyo hufikiki ila kwa kuvuka ziwa, anapouliza kuhusu nyumba au posho, huambiwa kwamba ualimu ni wito. Muuguzi huambiwa hivyo hivyo. Mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji wa madaraja vilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa; uhakiki ulikuwa na hoja yake, lakini mtumishi hai aliyekuwa zamu yake kupanda alilipa gharama ya mtumishi hewa. Nyongeza ya asilimia 23.3 katika kima cha chini ilikuja mwaka 2022, nasi tuliishangilia, na wengi tukasahau kwamba aliyekosa daraja kwa miaka kadhaa hakurudishiwa miaka hiyo. Jana tulimpima kwa OPRAS, leo tunampima kwa PEPMIS. Kila mfumo unamuuliza umetimiza malengo gani. Hakuna mfumo unaomuuliza mwajiri ametimiza yapi.

Kwa hiyo simwambii kijana ameze. Neno "vumilia" limetumika vibaya mno katika nchi hii, na aghalabu hutamkwa na mtu ambaye gari lake la ofisi linamsubiri nje likiwa na kiyoyozi.

Ninachomwambia ni kwamba ameielekeza hasira yake upande usio wake. Madaraja yalizuiwa na watu walio juu yake. Anayeadhibiwa ni mjane aliye chini yake. Aliyemnyima cheo hajui wala hasikii kwamba faili la Kamachumu limefichwa wiki mbili. Mgomo wa namna hii haumtishi mwajiri yeyote, kwa sababu gharama yake inalipwa na mtu mwenye nauli iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Wengine katika kizazi chenu, ndugu zangu wanafunzi na wanaharakati, wanauita upinzani wa kimyakimya na kuupamba kwa nadharia. Nimezisoma nadharia hizo, na baadhi nazifundisha. Zilitungwa juu ya wakulima na vibarua wanaomgomea bwana. Afisa aliye upande wa ndani wa dirisha, machoni pa mjane yule, ndiye bwana.

Taifa hili lina mifano ya watu waliotendwa na bado wakajua la kufanya. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikampinga kwa kura ya turufu duru baada ya duru, mpaka alipojiweka kando na nafasi ikamwendea Javier Pérez de Cuéllar. Mwaka 1985, akiwa Waziri Mkuu, jina lake lilitajwa sana katika urithi wa Mwalimu Nyerere, na chama kikamteua Ali Hassan Mwinyi. Salim akaingia katika serikali ya mtu aliyeteuliwa badala yake, akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi, kisha kuanzia mwaka 1989 hadi 2001 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Sisemi hakuumia. Nasema wanajeshi wa Tanzania hawakuambiwa na waziri wao warudi wiki ijayo.

Na Mwinyi huyo huyo ana somo lake. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga mwaka 1976, alijiuzulu. Hakujiuzulu moyoni. Alijiuzulu kwa barua, akaachia ofisi, akaondoka. Hiyo nayo ni heshima kwa raia: nafasi inabaki wazi ili mwingine aijaze. Kati ya kubaki kama Salim na kuondoka kama Mwinyi kuna mlango wa tatu, wa kulalamika kwa utaratibu, nao haupendwi kwa sababu unachosha: barua kwa mwajiri, nakala kwa chama cha wafanyakazi, rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Unachosha kweli. Lakini mama yangu mdogo alisafiri mara tatu kwa karatasi moja. Msomi wa shahada hawezi kuandika barua tatu kwa ajili ya daraja lake?

Utaniambia kwamba nakuza jambo, kwamba karani si nahodha, na faili moja si chombo cha anga. Hapa Kagera hatupaswi kusema hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imeidhinishwa kubeba abiria 430. Kwa makadirio ya serikali waliokufa walizidi 800. Kila mwaka tunazungumza juu ya meli, mizigo na nahodha. Ni mara chache tunazungumza juu ya daftari. Idadi kamili ya waliokufa haijafahamika mpaka leo, kwa kuwa hapakuwa na orodha ya kweli ya watu waliopanda, hasa waliopandia Kemondo. Kuandika majina ya abiria si kazi ya shujaa. Ni kazi ya mtu mwenye kalamu, aliyekaa mezani, pengine mwenye kinyongo chake na mshahara wake mdogo. Kwa sababu kazi hiyo haikufanyika ipasavyo, ziko familia Bukoba na Muleba ambazo hazina hata mstari mmoja wa karatasi unaokiri kwamba mtu wao alikuwamo.

Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki. Wavuvi wa ziwa hili wana malalamiko kuliko afisa yeyote ninayemfahamu: nyavu zinachomwa, samaki wanapungua, tozo haziishi. Hakuna aliyekuwa na barua ya ajira ya uokoaji asubuhi ile.

Wakuu wa idara wanaosoma hapa, na najua mpo kwa kuwa hunipigia simu kila nikiandika, nawauliza swali jepesi. Orodha ya watumishi wenu waliostahili kupanda daraja na hawakupanda iko wapi, na mara ya mwisho mlikaa nao lini kuwaeleza sababu? Chakotay alikuwa akigonga mlango wa nahodha wake. Ninyi mnagonga mlango wa nani?

Kijana wangu ameniandikia juzi. Ameandaa barua ya malalamiko, kurasa mbili, anaomba niipitie. Nimeipitia, nimempunguzia vivumishi, nimemrudishia. Sikumsifu, na kuhusu foleni yake sijamuuliza kwa simu, kwa kuwa jibu la simu lisingenisaidia kujua.

Nitajua kwa njia nyingine. Karatasi ya mirathi tuliyoipata kwa zile dakika kumi ina kosa: jina la marehemu limepungua herufi moja, na benki wameikataa. Mama mdogo anarudi Muleba Jumatatu kwa basi la asubuhi. Amenikataza kumsindikiza.